Tukikosolewa, Tusiache Kiti
(Maneno ya katibu wa kwaya)

 

Mimi ndiye ninayetunza rejista. Nilipokuwa nikikusanya majina ya kitabu hiki, niliona kwamba wengi walioacha kwaya hawakuhama mtaa wala kuolewa mbali. Waliacha baada ya kuambiwa neno kwenye mazoezi.

Kuimba kunatugusa ndani. Fundi cherehani akikosolewa, kinachokosolewa ni gauni. Mwimbaji akiambiwa "sauti yako iko chini", anasikia kwamba yeye mwenyewe yuko chini, maana sauti imo mwilini mwake. Lakini mara nyingi noti hushuka kwa sababu pumzi imeisha katikati ya mstari, hata kwa mwimbaji hodari. Simama wima, legeza mabega, vuta hewa hadi tumboni, msikilize jirani yako. Hilo ni jambo la kurekebishwa, halipunguzi utu wako.

Musa alikosolewa mara nyingi, nami nachukua mbili tu. Katika Kutoka 18, baba mkwe wake Yethro alimtazama akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni. Alimuuliza kwanza, kisha akamwambia kwamba afanyalo si jema, atachoka yeye pamoja na watu. Hapo hapo akampa njia: achague wasaidizi. Musa akasikia. Katika Hesabu 12, Miriamu na Haruni walimsema kwa ajili ya mke aliyemwoa, kumbe shida ilikuwa cheo. Safari hii Musa hakujitetea, Mungu ndiye aliyewajibu. Na Miriamu alipopatwa na ukoma, Musa ndiye aliyemwombea.

Basi ukiambiwa jambo, jiulize: huyu amenisikia nikiimba? Amenionyesha la kufanya? Kama ndiyo, chukua penseli uandike kwenye kitabu chako cha nyimbo, hata kama aliyesema ni mdogo wako. Kama sivyo, mwombee, uje mazoezi Jumamosi. (Wanaokosoa joho zetu wakiwa nje mlangoni nawaachia wazee.)

Sasa upande wangu. Chuoni nilifundishwa nisimwekee mtoto alama ya kosa bila kumwonyesha njia ya kupata jibu. Kwenye kwaya nilisahau. Miaka michache iliyopita, tukijiandaa kwa mashindano, nilimgeukia dada mmoja wa sauti ya pili nikamwambia mbele ya wote kwamba afadhali afungue mdomo tu bila kutoa sauti. Watu walicheka. Naye alicheka. Jumapili iliyofuata aliketi kule nyuma na washirika. Baadaye nilikata jina lake kwa kalamu nyekundu, nikaandika "ameacha".

Mwezi jana nilienda kwake kumwomba msamaha. Alinipikia chai. Akaniambia kwamba tangu siku ile, hata akiosha vyombo peke yake nyumbani, haimbi. Sikuwa na la kujibu.

Hakuniahidi kwamba atarudi. Lakini joho lake tumelifua na kulipiga pasi, na nafasi yake leo iko safu ya pili, upande wa dirisha.