Anayekaa kikaoni ana posho, anayeuguza hana

Ndugu msomaji, maneno haya yalisemwa kwa wananchi wa Endasak, wilayani Hanang, lakini yanakuhusu hata kama uko Mbulu au Mbagala.

Ndugu zangu, nianze na swali. Mzee akipigwa kiharusi akalala upande mmoja, nani humgeuza usiku asipate vidonda? Nani humwosha, humnywesha uji kwa kijiko, hufua mashuka? Haydom wamekuwa wakitutibu tangu mwaka 1955, na Mungu awabariki, lakini hospitali hufika siku ikamruhusu mgonjwa. Anarudi kwa nani? Kwa binti aliyekuwa akiuza maharage mnadani Katesh. Kwa mkwe. Mara nyingine kwa mjukuu wa darasa la sita, na hapo shule imekwisha.

Serikali inalijua hilo vizuri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo itabaki kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Maneno mazuri! Mzigo ukatwishwa familia, fungu la fedha halikuonekana. Wakubwa wenyewe wakikaa kwenye viti vya kuzunguka wanaandikiwa posho ya kikao. Binti anayemwinua baba yake mara sita kwa siku, yeye anaambiwa ni wajibu.

Mtasema, mbona TASAF ipo? Naam, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulienea nchini kuanzia mwaka 2013, na umewafaa wengi; si haki kuubeza. Lakini tazameni ulivyohesabu. Kaya yenye mtu mwenye nguvu ilipangiwa ajira za muda: kuchimba malambo, kutengeneza barabara, kwa ujira ulioanza na sh. 2,300 kwa siku. Sasa chukueni nyumba yenye mama aliyelala kitandani na binti mmoja wa miaka thelathini. Kwenye daftari, binti ana nguvu. Akienda lambo, mama anashinda kwenye uchafu wake. Asipoenda, siku yake haina ujira. Na kama anayeuguza ni yule mjukuu, mpango ulikuwa na sharti la mahudhurio ya shule: mtoto asipohudhuria, ruzuku inakatwa. Yaani nyumba inaadhibiwa kwa sababu ina mgonjwa!

Msidanganywe kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Kenya, hapo jirani, tangu mwaka 2011 ina mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkubwa wasioweza kuishi bila msaidizi wakati wote, ni sh. 2,000 za kwao kwa mwezi, na mlezi ndiye huwachukulia. Zanzibar mwezi Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi sh. 20,000 kwa mwezi, tajiri na maskini, bila kupekua nyumba ya mtu. Hizo ni za mzee, si za anayemtunza, lakini zinaonyesha kwamba fedha hupatikana mtu akiamua.

Hata Uingereza haikuwa rahisi. Mwaka 1976 walianza kumlipa aliyeacha kazi ili amuuguze mlemavu, ila mwanamke anayeishi na mumewe akanyimwa, eti yeye angekuwa nyumbani hata hivyo. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi mwaka 1984 amtunze mama yake, alifika hadi Mahakama ya Ulaya, akashinda mwezi Juni 1986. Hiyo “angekuwa nyumbani hata hivyo” mmeisikia wapi? Hapa hapa kwetu, tena kutoka kwa sisi wanaume.

Ninachodai si mshahara wa mkurugenzi. Katika mpango wowote wa ruzuku, dodoso liulize: nani anauguza nyumba hii? Akipatikana, siku zake zihesabiwe kama siku za lambo, alipwe ujira ule ule kwa jina lake, kwa simu yake. Na mjukuu apewe nafasi ya kurudi darasani.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitwe kila baada ya miezi mitatu, na majina ya walengwa yamekuwa yakisomwa mbele ya mkutano kama huo. Yakisomwa tena, msipige makofi kwanza. Simameni, mtaje nyumba zenye wagonjwa wa kitandani, na mwenyekiti aandike kwenye muhtasari.