Kabla ya Kulipa Ada: Nasaha kwa Wanaotaka Ufundi Umeme



Kamati imeniomba nizungumze juu ya mafunzo ya ufundi umeme hapa Uingereza, kwa kuwa mfuko wa ukoo umepokea maombi ya mkopo ya vijana watatu, na kila mmoja ametaja kozi yake. Fedha hizi ni akiba ya watu waliokesha kazini. Si haki zinunue karatasi isiyomfikisha mtoto popote.

Zipo kozi za majuma machache ambazo mwisho wake kijana hupewa vyeti viwili vitatu. Vyeti hivyo si vya uongo. Kile cha kanuni za nyaya, BS 7671, toleo la 18 lililotoka mwaka 2018 na kurekebishwa tangu hapo, fundi hana budi kuwa nacho. Lakini husomewa siku chache tu, na mtihani wake ni wa kuchagua majibu huku kitabu kikiwa mezani. Msomaji hodari aweza kuufaulu pasipo kushika bisibisi maishani mwake!

Katika England, fundi kamili ni yule aliyepata NVQ daraja la 3 na kufaulu jaribio la AM2. Huyo ndiye awezaye kuomba kadi ya dhahabu ya ECS, ambayo wakandarasi wengi huidai kabla ya kumpa mtu kazi. Na NVQ haipatikani kwa kukaa darasani. Mwanafunzi hukusanya ushahidi wa kazi alizozifanya kwa mkono wake penye ujenzi halisi: picha, michoro, fomu za vipimo, na mtahini huja kumtazama akifanya. AM2 nayo huchukua zaidi ya siku mbili: kukata umeme na kuthibitisha kwamba haupo, kufunga nyaya na vifaa, kupima, na kutafuta hitilafu zilizofichwa makusudi. Asiye na mwajiri atautoa wapi ushahidi huo? Hapo ndipo fedha nyingi huzama.

Diploma za City and Guilds za daraja la 2 na la 3 zina manufaa, hasa kwa mtu mzima aliyekosa uanagenzi, ila ni nusu ya safari. Kwa kijana aliyemaliza shule, mabinti wakiwamo, mimi nachagua uanagenzi. Ni miaka kama minne, na mshahara wa mwanzo ni mdogo; lakini yeye ndiye anayelipwa.

Jamaa aliyekuja na uzoefu wa miaka mingi kutoka Dar es Salaam au Mombasa asirudishwe kwenye alifu. Iko tathmini maalumu ya mafundi wazoefu, yenye jaribio lake la AM2E. Soketi za hapa ni zile zile za pini tatu bapa alizozizoea. Nyaya nyekundu na nyeusi, hata hivyo, zimeachwa katika kazi mpya tangu 2006, na sasa ni kahawia na buluu. Nyumba za zamani bado zina zile za awali, basi apime kabla ya kugusa.

Naiomba kamati isitoe mkopo mpaka chuo kijibu kwa maandishi: je, ada hii inafika NVQ na AM2, na nani atamtafutia mwanafunzi mwajiri? Wale vijana watatu nitawangoja meza ya nyuma baada ya chakula. Waje na mikataba yao, ikiwa bado haijatiwa saini.