Stempu Bila Jibu

Somo: 2 Wakorintho 3:1-3

Msikilizaji mpenzi, kama umeamka na mzigo, basi ukae nasi kidogo hapo ulipo, maana neno la leo ni la kila mtu aliyewahi kupokea barua.

Tulipokuwa wavulana kule Likoni, miaka ya 1990, tulikuwa watatu tuliopenda sana kukusanya stempu. Kitabu chetu kilikuwa kimoja, daftari la hesabu, nalo lililala kwa zamu nyumbani kwa kila mmoja. Marafiki wa kalamu tuliwapata kwa majina yaliyochapwa magazetini, na barua zao zilifikia sanduku la posta la kanisa, huko mjini. Kila Jumamosi tulivuka kwa feri kwenda kuzichukua, na wakati wa kurudi, kabla feri haijagusa ng'ambo, bahasha zote zilikuwa zimekwisha kukatwa pembe.

Tulijifunza mengi. Stempu za Uingereza hazikuandikwa jina la nchi, zilikuwa na kichwa cha Malkia tu, kwa kuwa Waingereza ndio walioanza kutumia stempu za kubandika, mwaka 1840. Za Ufini ziliandikwa Suomi. Za Uswisi ziliandikwa Helvetia, nasi tukagombana juma zima nchi hiyo iko wapi, hata mwalimu akatueleza kwamba ni jina la Kilatini, kwa sababu Waswisi wana lugha nne.

Tena tulijua kazi yenyewe. Stempu haibanduliwi kwa kucha, maana itachanika, na iliyopungua meno haina thamani. Huloweshwa katika maji ya uvuguvugu mpaka gundi ilegee, kisha hulazwa kifudifudi juu ya gazeti ikauke, halafu hukandamizwa ndani ya kitabu kizito. Lakini postikadi zilitupa shida, kwa kuwa stempu na maneno vimo upande mmoja. Sisi tuliitia kadi nzima bakulini. Wino uliyeyuka, maji yakawa buluu, tukayamwaga mlangoni.

Basi, palikuwa na mama mmoja mzee wa Ujerumani. Alikuja Diani kupumzika, na Jumapili moja akasali pamoja nasi. Tangu siku hiyo alituandikia postikadi karibu kila mwezi, kwa Kiingereza chepesi ili tuelewe. Tulimwita Bibi. Tulimwandikia mara moja kumshukuru. Baada ya hapo tulipokea tu.

Siku moja ikaja bahasha yenye mwandiko tusioujua. Binti yake alitujulisha kwamba Bibi amefariki. Alisema pia kwamba ndani ya Biblia ya mama yake ameikuta ile barua yetu moja, bahasha yake nzima, stempu ya Kenya ingali mahali pake, na majina yetu matatu yameandikwa katika karatasi ya watu aliowaombea.

Tulikwenda kulifungua daftari. Stempu za Bibi zilikuwa 37, safi, zimepangwa vizuri. Maneno yake hayakuwapo. Tulikuwa tumeyaosha kwa mikono yetu wenyewe. Ilisalia kadi moja tu ambayo hatukuilowesha, kwa sababu stempu yake tulikuwa nayo tayari. Tukaisoma kana kwamba ndiyo kwanza imefika. Bibi aliuliza kama mama wa mwenzetu ametoka hospitali. Alisema anamwombea kila jioni, naye anangoja habari.

Msikilizaji, mama huyo alikuwa amekwisha kupona zamani. Alikuwa akiuza mahamri pale penye feri. Ilitupasa kuandika mistari miwili tu, na Bibi angalikufa akijua kwamba maombi yake yamejibiwa.

Leo tunahudumu upande wa Kisauni, na hapa tunakumbushwa barua nyingine. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka ule ule mkewe Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga akafuata. Walizikwa upande huu wa bara, kwenye pande za Nyali. Krapf mwenyewe akiwa dhaifu kwa homa, aliwaandikia wakuu wa misheni London habari za kaburi lile, akiwaambia kwamba saa ya kuleta Injili Afrika imefika. Barua hiyo haikuwa na stempu ya pwani yetu, maana stempu za kwanza za hapa zilitolewa mwaka 1890. Hakuna mvulana ambaye angaliitamani kwa daftari lake. Lakini mwaka 1846 Johannes Rebmann alifika kumsaidia, akakaa miaka 29. Jibu lilikuja, nalo lilikuwa mtu.

Hilo ndilo asemalo Mtume Paulo katika somo letu. Barua ya Kristo haikuandikwa kwa wino, wala si ya kuwekwa sandukuni. Ni watu, nayo husomwa na kila apitaye. Na barua iliyoandikwa hivyo hutaka jibu la namna hiyo hiyo.

Sasa tujiulize, sisi tulio kanisani. Cheti cha ubatizo tunacho, kimetunzwa. Cha kipaimara tunacho. Kalenda ya kanisa iko ukutani, aya tumezikariri. Hizo ni stempu zetu, na ni nzuri. Je, maneno yenyewe tumeyasoma, au tumeyaosha? Mungu ametuuliza habari za jirani mgonjwa, za ndugu tuliyekosana naye, za mzazi aliyebaki peke yake kijijini. Anangoja mistari miwili.

Pengine wasema siku hizi hakuna barua, kuna simu. Naam, lakini hata katika simu yako umo ujumbe uliousoma na kuuacha. Mwandishi wake yu hai. Bado ana masikio ya kusikia jibu lako. Sisi hatukupewa nafasi hiyo tena kwa Bibi. Wewe unayo, leo. Kabla jua halijatua mjibu mtu mmoja.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe umetuandikia kwa Mwanao. Utusamehe kwa kuwa tumependa kipambo tukalisahau neno. Utupe moyo wa kujibu wangali wakisikia wale wanaotungoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.