HOTUBA YA KATIBU MWENEZI WA TAWI: FAIDA IPO KWENYE KUJAZA MTUNGI MARA YA PILI



Haya ndiyo niliyosema kwenye kikao cha tawi. Nimeombwa niyaandike kwa ajili ya waliokuwa shambani.

Serikali kupitia REA imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50. Ni jambo jema. Lakini tuambiane ukweli: mitungi mingine hapa kwetu gesi iliisha mara ya kwanza, na sasa imegeuka kigoda.

Wengi mnauliza, gesi si yetu wenyewe, mbona ghali? Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay inapita kwenye bomba. Inafua umeme, na imefika kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Gesi ya mtungi ni nyingine. Inaletwa kwa meli kutoka nje, kisha inapanda lori zaidi ya kilomita 1,000 hadi Kibondo. Nauli hiyo tunailipa sisi.

Je, bado inalipa? Kila mtu apige hesabu ya nyumba yake. Anayenunua mkaa, aandike kila kopo kwa mwezi mzima, kisha alinganishe na bei ya kujaza mtungi. Anayeokota kuni asiseme ni bure. Safari mbili kwa wiki, saa tatu kila moja, ni saa 24 kwa mwezi. Hizo ni siku tatu nzima za jembe, na anayezipoteza ni mama au binti. Kuni zenyewe kila mwaka zinasogea mbali.

Sisemi tuzime mafiga leo. Maharage yaloweke usiku, yaive kwa kuni chache. Chai, uji wa watoto na mboga vipikwe kwa gesi. Hapo mtungi utadumu.

Kinachotukwamisha ni kutoa fedha yote kwa mkupuo. Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kikundi cha kuweka na kukopa kifungue mfuko wa gesi, watu waweke kidogo kidogo kila wiki. Pili, tawi limwandikie Diwani, wakala wa kujaza mitungi apatikane hapa Kitahana, tusilipe bodaboda juu ya bei ya gesi.

Leteni hesabu zenu kikao kijacho. Tukimwendea Diwani, twende na namba.