Kesi ya S.M. Otieno na Maneno Yenye Kweli au Uongo

Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki wakili Silvano Melea Otieno, mkazi wa Lang'ata, Nairobi, na mwili wake ukakaa miezi mitano kabla ya kuzikwa. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wake wa Kiluo, Umira Kager, pamoja na ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi hiyo iliyojaza watu Mahakama Kuu katikati ya jiji hukumbukwa kuwa vita vya mke na ukoo. Kwangu mimi, ilikuwa pia somo la mantiki lililofundishwa mbele ya nchi nzima.

Chukua maneno haya: "Nizikeni Matasia." Hayajibiwi kwa "kweli" wala "uongo", ni agizo, nalo hutiiwa au hupuuzwa. Aristotle alikwisha kuliona hilo kuhusu dua: ni sentensi kamili, lakini haina kweli wala uongo. Sasa sema, "Otieno aliagiza azikwe Matasia." Hapo umetoa kauli. Ama aliagiza ama hakuagiza, na shahidi anaweza kubanwa kwa maswali. Kwa kuwa hakuacha wosia wa maandishi kuhusu maziko yake, agizo lilipita mlango huo tu, vinywani mwa waliosema walimsikia. Mjane alieleza aliyoyasikia. Mchimba kaburi wa kule Siaya naye akaeleza kwamba marehemu aliwahi kumtajia kaburi lake huko. Ni rahisi kudhani kwamba mmoja wao lazima aliongopa. Si lazima hata kidogo. Maagizo hayo yanagongana, maana mtu hazikwi mara mbili. Lakini kauli kwamba aliyatoa yote mawili, kwa watu tofauti, zinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Yuko atakayeuliza: maiti hasemi, basi kauli isiyoweza kuthibitishwa ina kweli gani? Lakini kukosa ushahidi ni upungufu wetu sisi, si wa kauli. Mwingine atasema mila ni amri tupu, kwa hiyo mantiki haina kazi hapo. "Mluo azikwe kwao" ni amri, nakubali. Ila "mila ya Waluo inadai hivyo" ni kauli kuhusu watu na desturi zao, ndiyo maana mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliitwa kuitolea ushahidi.

Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba sheria ya mila ya Waluo ndiyo inayotawala, na matakwa ya marehemu hayakuwa na nguvu ya kuizuia. Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei. Hukumu hiyo iliamua nani amzike. Kauli kwamba aliitaka Matasia, kama ilikuwa kweli asubuhi ya kesi, ilibaki kweli baada ya maziko.