Ufahamu wa Kiingereza Mpakani

Mtahiniwa wa KCSE mjini Busia, Kenya, hukutana na ufahamu katika karatasi ya pili ya Kiingereza: kifungu cha alama 20, kisha dondoo la fasihi la alama 25. Hujieleza kwa maneno yake. Mwenzake wa China, katika gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, kwa sehemu kubwa huchagua herufi.

Herufi hubahatishwa, maelezo, thubutu!

Ng'ambo ya mpaka, Tororo nchini Uganda, tatizo la ufahamu huanzia chini zaidi. Tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka madarasa ya 1 hadi ya 3 yafundishwe kwa lugha ya eneo. Tororo ni ipi, Kiteso au Kidhopadhola? Shule za mjini zenye mchanganyiko wa lugha ziliruhusiwa kutumia Kiingereza tangu mwanzo, na hapo mtoto aweza kusoma kwa ufasaha bila kuelewa anachokisoma. Mwalimu wa sekondari ndiye anayeurithi mzigo huo.