Simu Mbili Mezani: Kurekodi Mahojiano Kutoka Nyangezi



Siku moja ya mvua nilimhoji kwa simu mama mmoja wa Nyangezi, kwenye barabara ya kuteremkia Ngomo kwenda Kamanyola. Yeye alikuwa amepanda kilimani kutafuta rezo. Mimi nilikuwa Bukavu, chini ya mabati. Nikamwuliza mbuzi wake waliliwa na nani. Usiku niliposikiliza rekodi, jibu lilikuwa: "Ni fisi." Nikaandika fisi.

Masikio yangu yana lawama, lakini si peke yao. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na mvumo wa "s" na wa "f" hukaa zaidi juu ya hapo. Irabu hufika salama. Konsonanti hizo mbili hufika zimefanana kama mapacha. Ongeza na mvua.

Wengi huniuliza programu gani ni nzuri ya kurekodi simu. Zamani zilikuwa tele. Tarehe 11 Mei 2022 Google ilipiga marufuku dukani kwake zile zilizonasa mazungumzo kwa kupitia huduma zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. iPhone ilipata kitufe chake Oktoba 2024, na kikibonyezwa, pande zote mbili husikia tangazo. Tangazo hilo linawaudhi waandishi; mimi nalipenda.

Kwetu dawa ni simu mbili. Ya kwanza inapiga, spika wazi. Ya pili inarekodi, imelazwa juu ya kitenge kilichokunjwa maana meza tupu hutetemeka, na rezo yake imezimwa ili mtu asipige katikati ya mahojiano. Ziachane kama shubiri moja. Zikisogeleana utasikia ule mlio wa trrr-trrr: simu ikiwa kwenye 2G hutuma mawimbi kwa mapigo 217 kila sekunde, na maikrofoni ya jirani huyanasa.

Kabla ya yote, ruhusa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano. Omba kabla ya kuwasha, kisha omba tena rekodi ikiwa inatembea, ili jibu liwemo. Na faili lisibebe jina la mtu. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa mjini humu 13 Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo 21 Novemba 2008. Hao walikuwa na redio nzima nyuma yao. Mama wa kilimani ana simu yake tu, na simu hupekuliwa kwenye barieri.

Ile habari ya fisi sikuichapa mara moja. Nilinunua yunite, nikampigia, nikamsomea neno kwa neno. Akacheka mpaka rezo ikakatika. Nikapiga tena.

"Fisi gani, mutoto wangu? Tulikula sisi benyewe. Hakukuwa kitu ingine."